Bomba linapita Maungu, namba zake zinatupita sisi

Hebu nikuulize swali la haraka. Wewe unayeishi Voi, Maungu ama Manyani, ama hata wewe unayepita tu hapa ndani ya basi la kwenda Mombasa, unajua kwamba chini ya ardhi, tukifuatana na hii barabara kuu, kuna bomba la chuma la inchi 20 linalosukuma petroli, dizeli na mafuta ya ndege kutoka Changamwe hadi Nairobi? Wengi mnajua. Mmeviona vile vigingi vya kuonya watu wasichimbe.

Sasa swali la pili, hili ndilo linatushinda. Hilo bomba linabeba presha kiasi gani? Limetengenezwa kwa chuma gani? Na mambo yakienda mrama, ni kiungo kipi kitaachilia kwanza?

Usiniambie hayo ni ya mainjinia. Mimi pia si injinia. Diploma yangu niliiacha mwaka wa pili karo ilipogoma, na mengi ninayoyajua kuhusu mabomba niliyaokota nikimshikia spana fundi mmoja hapa Voi, kisha nikaenda kusoma mwenyewe kwa simu usiku. Nilichogundua ni kwamba hizi namba si ngumu. Ni hesabu ya shule ya msingi. Na maoni yangu ni haya: watu wanaolala kando ya bomba wanafaa kuzijua, na vijana wa kaunti hii wanafaa kuzijua zaidi, kwa sababu ndani yake kuna usalama wetu na kuna kazi.

Tuanze na historia kidogo ili tuelewane. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973. Bomba lake la kwanza, Laini ya 1, la upana wa inchi 14 na urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kusukuma mafuta mwaka 1978. Stesheni za pampu mwanzoni zilikuwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Mwaka 2008 zikaongezwa nyingine katikati: Samburu, Manyani, Makindu na Konza. Maungu na Manyani ziko kwetu Taita Taveta. Kisha mwaka 2018 likaja bomba jipya la inchi 20, Laini ya 5, kuchukua nafasi ya lile la zamani. Kwa hivyo hii si habari ya jana. Tumeishi na mafuta chini ya miguu yetu kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa nini pampu iwekwe Maungu? Jibu ni mlima. Mombasa iko usawa wa bahari, Voi iko zaidi ya mita 500 juu, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600. Mafuta hayapandi yenyewe. Kila mita 10 za maji ukizisimamisha wima zinakalia chini kwa presha ya bar moja. Dizeli ni nyepesi kidogo, kwa hivyo ni kama mita 12 kwa bar moja. Piga hesabu: kuyafikisha mafuta tu kwenye kimo cha Voi kunahitaji zaidi ya bar 40, na kuyafikisha kwenye kimo cha Nairobi kunahitaji zaidi ya bar 130. Hapo hujahesabu msuguano wa kilomita 450 za ukuta wa bomba. Ndiyo maana mzigo unagawanywa: pampu moja inasukuma hadi mahali fulani, nyingine inapokea.

Ili upate picha, tairi la probox lina bar mbili au tatu tu. Na unajua likipasuka linavyolia.

Linganisha na bomba lingine linaloanzia kaunti hii hii, lile la maji ya Mzima. Lilikamilika mwaka 1957, lina takriban kilomita 220, na linateremsha maji kutoka chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi hadi Mombasa. Yale maji yanashuka, mafuta yanapanda. Tumelalamika miaka mingi kuhusu Mzima, kwamba maji yanatoka kwetu na sisi tunanunua mitungi. Malalamiko hayo ni halali. Lakini ona jinsi tunavyoongea kuhusu maji kila kampeni, na bomba la mafuta hatuliongelei kabisa, ilhali likipasuka ndilo litakaloharibu hata hicho kisima kidogo ulicho nacho.

Sasa twende kwa chuma chenyewe.

Mabomba makubwa ya mafuta na gesi duniani hutengenezwa kwa chuma cha kaboni kufuata kiwango kinachoitwa API 5L. Ukisimama karibu na bomba jipya kabla halijazikwa, utaona maandishi ubavuni: kipenyo, unene wa ukuta, na herufi X ikifuatwa na namba. X42, X52, X60, X65, X70. Hiyo namba si mapambo. X52 maana yake chuma hicho kinastahimili kuvutwa hadi paundi 52,000 kwa kila inchi mraba kabla hakijanyooka bila kurudi umbo lake. Ukibadilisha kwa bar, ni kama 3,580.

Hapa ndipo hesabu ya darasa la sita inaingia. Ukitaka kujua bomba linaweza kushikilia presha gani, chukua nguvu ya chuma, zidisha kwa unene wa ukuta, zidisha kwa 2, halafu gawanya kwa kipenyo. Basi. Tuseme una bomba la inchi 20, yaani milimita 508, la chuma cha X52, na ukuta wake ni milimita 10. Sisemi hili ndilo lililozikwa Maungu, huu ni mfano wa ubaoni. Utapata kama bar 140. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayeendesha bomba hadi chuma kianze kunyooka. Kanuni ya mabomba ya mafuta, ASME B31.4, inataka utumie asilimia 72 tu ya nguvu hiyo. Kwa hivyo mfano wetu unabaki na bar 101 hivi.

Sasa tazama uzuri wa hiyo hesabu. Bomba hilohilo likiliwa na kutu hadi ukuta ubaki milimita 5, presha yake salama inashuka hadi kama bar 50. Nusu ya chuma, nusu ya presha. Hakuna aliyekuja kulitoboa, hakuna shambulizi. Ni udongo, unyevu na miaka. Ndiyo maana bomba huvalishwa ganda la plastiki, hupitishiwa umeme mdogo wa kuzuia kutu, na huingizwa mashine ndani kupima ukuta umebaki milimita ngapi. Siku ukisikia kampuni yoyote ya mafuta ikisema bomba lake ni zee lakini imara, swali la kuuliza ni moja: ukuta umebaki unene gani, na mlipima lini?

Na chuma si jibu la kila kitu. Bomba huchaguliwa kwa kile kitakachopita ndani. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama mafuta ya kupikia asubuhi ya baridi kule Wundanyi. Kwa hivyo bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443 na upana wa inchi 24, limebuniwa likiwa na joto la umeme na ganda la kuhifadhi joto ili mafuta yabaki zaidi ya nyuzi 50. Gesi nayo ina tabia zake: inabanika kama springi, na springi ikiachiliwa ghafla inarusha kila kitu. Petroli inavimbisha mpira wa kawaida. Dizeli haipatani na zinki, kwa hivyo ule mfereji wa mabati unaotumia kwa maji haufai kuwa njia ya kudumu ya dizeli ya jenereta yako. Kila kitu na nguo yake.

Lakini bomba refu lililonyooka kwa kawaida si ndilo linaloleta shida kwanza. Shida hupenda viungo.

Bomba halisafiri peke yake. Linapinda, na hapo kuna elbo. Linagawanyika, na hapo kuna tii. Linabadilisha upana, na hapo kuna redusa. Linaunganishwa na pampu kwa flanji mbili zinazobanwa kwa boliti, na katikati yake kuna gasketi, kile kipande chembamba kinachozuia mafuta yasitoke. Na kuna vali za kufunga na kufungua. Kila kimoja kati ya hivi kina namba yake.

Flanji hupewa klasi: 150, 300, 600, 900 na kuendelea. Watu wengi, hata mafundi wa miaka mingi, wanadhani klasi 150 maana yake ni presha ya paundi 150. Sivyo. Flanji ya kawaida ya chuma cha kaboni ya klasi 150 inabeba takriban bar 19.6 kwenye joto la nyuzi 38. Klasi 300 inabeba bar 51. Klasi 600 inabeba bar 102. Na joto likipanda, namba inashuka: ile ya klasi 150 ikifika nyuzi 200 inabaki na bar 13.8 tu. Klasi ni jina la familia, presha yenyewe unaisoma kwenye jedwali pamoja na joto na aina ya chuma.

Sasa rudi kwa bomba letu la ubaoni la bar 101. Umelinunua kwa pesa nyingi, chuma safi, ukuta mzito. Halafu mtu wa manunuzi akaona flanji za klasi 150 ni rahisi kwa bei, akaziweka. Una laini ya bar ngapi?

Una laini ya bar 19.6. Zile bar nyingine 80 ulizolipia ni hasara tupu. Kwenye mabomba namba ndogo ndiyo bosi. Haijalishi una kilomita ngapi za chuma kizuri, laini yako ni kiungo chako dhaifu kabisa.

Na bado kuna adui mwingine ambaye haandikwi ubavuni. Mafuta yakiwa yanakimbia kisha mtu afunge vali ghafla, ule mzigo wote unaosafiri unagonga ukuta. Kwa bomba la chuma, mafuta yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakisimamishwa ghafla yanaweza kuongeza presha ya karibu bar 9 au 10 papo hapo. Yakikimbia mara mbili ya hapo, zidisha mara mbili. Umewahi kusikia mabomba ya nyumba yakigonga ukifunga mfereji kwa fujo? Ni kitu kilekile, lakini sasa hebu fikiria kilomita nyingi za dizeli zikigonga. Kwa hivyo anayechagua fitingi haangalii presha ya siku ya kawaida peke yake, anaangalia presha ya siku mbaya.

Unaona kama naongea nadharia? Tutoke ubaoni.

Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai, Nairobi. Petroli ilivuja kutoka mfumo wa bomba, ikaingia kwenye mtaro wa maji taka, watu wakatoka na mitungi kuchota, ikashika moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Maelezo yaliyotolewa na serikali wakati ule ni kwamba vali ilishindwa kuhimili presha. Vali. Si kilomita 450 za bomba, ni kiungo.

Mwaka 2015, Thange, kaunti ya Makueni, kwenye bomba hilihili linalopita kwetu. Mafuta ya Laini ya 1 yalivuja yakaingia kwenye udongo na mto ambao watu waliutegemea kwa kunywa, kulima na kunyweshea mifugo. Ilibidi wakazi wale wapigane kortini miaka mingi, na ni mwaka 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoagiza walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Miaka 10. Mtoto aliyezaliwa wakati mafuta yanavuja alikuwa tayari anajua kusoma hukumu.

Na usiseme hiyo ilikuwa laini mzee. Mwaka 2019, Kiboko, Makueni hukohuko, bomba jipya la Laini ya 5 lilivuja likiwa bado halijazeeka hata kidogo. Bomba jipya si dhamana. Dhamana ni kila kiungo kuchaguliwa vizuri, kufungwa vizuri na kupimwa vizuri.

Toka Thange uje Mtito Andei, kisha Manyani, kisha Voi. Ni safari ya muda mfupi tu kwa matatu. Je, bomba linaweza kuvuja hapa? Bomba lolote linaweza kuvuja, swali ni kama tumejiandaa.

Hapa nataka kuongea na wewe kijana ambaye umeshaanza kufikiria kutoboa. Tusidanganyane, visa vya watu kutoboa bomba na kuiba mafuta vimetokea Kenya mara nyingi. Msee anakuja na mashine, anachomelea kipande, anaweka kavali kake, anavuta usiku. Sitakuhubiria kuhusu dhambi. Nitakuhesabia tu. Wewe ukiweka vali ya mkono wa hadiwea kwenye laini ya bar makumi, umebadilisha laini yote iwe na namba ya hiyo vali yako. Umejifanya bosi wa kilomita 450. Na siku itakapoachilia, haitakupigia simu kwanza. Watakaokimbia na madumu ni mama zetu na watoto wa jirani, kama kule Sinai.

Sasa turudi mjini Voi, kwa sababu hii kanuni haiishii Maungu.

Kwenye jengo moja la ghorofa hapa mjini niliwahi kufanya kazi ya mkono. Mwenye nyumba alinunua mabomba ya plastiki ya PN20 mazuri kabisa, halafu kwenye viungo akabana pesa, akaleta adapta nyembamba zisizo na maandishi yoyote. Fundi alimwambia. Akajibu kwamba fitingi ni fitingi tu. Pampu ilipowashwa ikawa inawaka na kuzima, inagonga, na wiki ya tatu adapta moja ikapasuka usiku ikamwaga tangi zima ndani ya duka la nguo la chini. Kweli yalikuwa maji tu. Lakini akili iliyonunua zile adapta ndiyo akili ileile inayonunua flanji ya klasi 150 pahali pa klasi 600.

Kwa hivyo jifunze kusoma. PN16 kwenye bomba ama vali ni bar 16 kwa maji yenye joto la kawaida. Ukitumia plastiki kwa maji moto ya sola, ile namba inashuka sana, kwa sababu joto hulegeza plastiki kuliko chuma. Vali ya shaba yenye 600 WOG inabeba paundi 600 za maji, mafuta ama gesi, ikiwa baridi. Skejuli 40 ama 80 ni unene wa ukuta, si presha, na skejuli ileile kwenye bomba nene na jembamba haina presha sawa. Na kitu kisicho na maandishi kabisa, kirudishe. Chuma kisichojitambulisha hakina tofauti na mgeni asiyetaja jina saa saba za usiku.

Kwenye gesi ya kupikia ni vivyo hivyo. Ndani ya mtungi kuna presha ya bar kadhaa. Baada ya regulata ya nyumbani inashuka hadi karibu milibari 30, yaani sehemu ndogo sana ya bar moja. Ile hosi ya jikoni imetengenezwa kwa upande wa baada ya regulata. Nimeona hoteli zikiichukua na kuiweka upande wa presha kubwa ili moto uwe mkali, chapati ziive haraka. Mteja anakula, hajui amekaa karibu na namba ndogo inayojifanya kubwa. Na hosi ya mpira ina tarehe ya mwisho imeandikwa juu yake. Iangalie leo.

Kitu kingine: mafundi wetu wengi hupenda kupima laini kwa hewa ya kompresa kwa sababu maji ni shida hapa. Naelewa, lakini ni hatari. Maji hayabaniki sana, kwa hivyo kiungo kikiachilia, presha inakufa mara moja. Hewa inabanika na ikiachilia inarusha vyuma kama risasi. Ndiyo sababu mabomba makubwa ya mafuta hupimwa kwa maji: kwa kanuni niliyotaja, unapandisha hadi angalau mara 1.25 ya presha ya kubuniwa na unashikilia kwa angalau saa nne. Likishikilia, ndipo unalitia mafuta.

Najua kuna watakaosema namba za bomba la taifa ni siri ya usalama, ukizitoa unawasaidia wezi. Nimelifikiria hilo. Lakini wezi tayari wanajua bomba lilipo, maana vigingi viko wazi. Wanaojua kidogo kuliko wote ni wakazi. Kumwambia mkazi wa Maungu kwamba hapa kuna laini ya inchi 20, imepimwa mara ya mwisho mwaka fulani, ukinusa petroli usiwashe hata simu, kimbia upande huu na upige namba hii, hakumpi mwizi ufunguo wowote. Kunampa mama nafasi ya kuondoa watoto.

Kwa hivyo naomba mambo matatu, na naomba yaombwe kwenye baraza la chifu, si kwa mitandao tu.

La kwanza, kampuni ya bomba pamoja na mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, na ile ya mazingira, NEMA, ziwe zinakuja Maungu, Manyani na vijiji vya kando ya laini kila mwaka kueleza kwa Kiswahili matokeo ya ukaguzi: ukuta ukoje, viungo gani vimebadilishwa, mpango wa dharura ni upi. Sio kipindi cha redio. Watu waulize maswali.

La pili, masomo. Kampuni hiyo ina taasisi yake ya mafuta na gesi kule Morendat, Naivasha. Sisi tuna Coast Institute of Technology hapa Voi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta ambacho kinajulikana kwa masomo ya madini. Kaunti iwaketishe meza moja. Sitaki digrii ya miaka minne kwa kila mtu, mimi mwenyewe unajua yangu iliishia wapi. Nataka kozi fupi za kiufundi zenye mtihani wa NITA: kusoma maandishi ya bomba, kuchagua gasketi, kukaza boliti za flanji kwa mpangilio wa nyota badala ya kuzunguka mduara, na kuchomelea bomba lililolazwa kwa mshazari hadi picha ya eksirei ya weldi itoke safi. Kijana anayeweza hayo hatafuti kazi ya kufyeka nyasi kwenye njia ya bomba. Anatafutwa, na si Maungu tu, bali Tanga, Hoima, hata Ghuba.

Kwa sababu tuseme ukweli. Kontrakta akija hapa, kijana wetu mara nyingi hupewa jembe ama sare ya ulinzi. Welda anatoka mbali, analala lojing, analipwa kwa wiki kile wewe unalipwa kwa miezi. Tunapiga kelele kwamba tumebaguliwa, na wakati mwingine ni kweli. Lakini wakati mwingine fomu ilikuwa inauliza cheti ambacho hakuna mtu mtaani alikuwa nacho. Barabara ikiwa inafungwa kwa maandamano, ifungwe pia kudai darasa.

La tatu ni letu sisi wanunuzi. Acheni kununua fitingi kwa bei peke yake. Muulize mwenye duka namba. Akisema hajui, nenda duka la pili. Maduka yataanza kuleta vitu vyenye namba siku wateja watakapoanza kuziuliza.

Wikendi hii, fanya hivi. Chukua tochi, ingia jikoni, usome hosi ya gesi. Kisha zunguka nyuma ya nyumba usome vali ya tangi. Andika namba zote kwenye karatasi na uchore mstari chini ya ile ndogo zaidi kwenye kila laini. Hiyo ndiyo nyumba yako inaishi nayo. Ukimaliza, baraza likiitishwa, njoo na karatasi yako tuulize ya Maungu.